Fumbo la vipande 27: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Seti yangu ya vipande 27 vya mbao imeshazunguka sana. Imekaa kwenye mabenchi ya drafti Kirumba, jijini Mwanza, imepita kwenye madarasa ya jioni ninayofundisha hisabati, na imepanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, safari ndefu ya kutosha mtu kukasirika, kuiacha na kuirudia. Kila inakofika, maswali ni yale yale. Nimeyapanga kuanzia ya anayeiona seti mara ya kwanza hadi ya aliyekwisha kulifungua fumbo na sasa anatafuta zaidi. Anayetaka kujifungulia mwenyewe asisome sehemu ya "Jibu".

Ili tusichanganyane: "kipande" ni mchemraba mdogo wenye namba, na "mchemraba" ni ule mkubwa unaojengwa. Mchemraba una kona 8, vipande 12 vya katikati ya kingo, vitovu 6 (kimoja katikati ya kila uso), na moyo 1 usioonekana ukiwa nje. Ndiyo hiyo 27.

## Mwanzo

Fumbo linataka nini hasa?

Una vipande 27 vilivyoandikwa namba 1 hadi 27, kila kimoja na yake. Vipange viwe mchemraba mmoja: vitatu kwenda kulia, vitatu kwenda nyuma, vitatu kwenda juu. Kila mstari ulionyooka wa vipande vitatu sharti ujumlishe 42. Mistari hiyo ni 9 ya kushoto kwenda kulia, 9 ya mbele kwenda nyuma, na nguzo 9 za chini kwenda juu. Juu ya hapo kuna mishazari minne mikubwa, ile inayotoka kona moja, ikapita moyoni na kutokea kona ya mbali kabisa. Yote pamoja ni mistari 31.

Mishazari iliyochorwa juu ya nyuso za nje haidaiwi. Wengi hupoteza jioni nzima wakiitafuta, na sababu ya kutoipata iko kwenye swali la nyuso, sehemu ya mwisho.

Kwa nini 42 na si namba nyingine?

Jumlisha 1 hadi 27, utapata 378. Mchemraba una nguzo 9, na kila kipande kimo ndani ya nguzo moja tu. Kama nguzo zote zinalingana, kila moja inapata 378 gawanya kwa 9, yaani 42. Hakuna aliyeichagua, imetoka kwenye namba zenyewe.

Je, hili ndilo lile la Rubik?

Hapana. Kile alichobuni Ernő Rubik mwaka 1974 kinazungushwa bila kubomolewa, na katikati yake hakuna kipande bali mtambo wa kushikilia vingine. Hapa unabomoa na kujenga utakavyo, na kipande cha katikati ndicho chenye siri kubwa kuliko vyote.

Mtoto wa darasa la ngapi analiweza?

Anayejumlisha namba tatu bila kuhesabu vidole anaweza kuanza, kwa hiyo darasa la nne. Kinachowasumbua watoto si kujumlisha, ni kuziona nguzo: wanakamilisha tabaka moja vizuri, wakipandisha la pili wanasahau kuangalia chini. Mpe kwanza mraba wa vipande 9, namba 1 hadi 9, kila mstari 15. Akiuzoea, mpe hili.

## Vifaa

Vipande navipata wapi?

Nenda kwa seremala yeyote, uombe mbao ya paini ya mbili kwa mbili. Futi tano zinatosha: vipande 27 vya inchi mbili ni inchi 54, na inchi sita zinazobaki zinaliwa na msumeno na kipande kimoja au viwili vitakavyoharibika.

Kosa ninaloliona kila mara ni kukata kabla ya randa. Mbao ikishapigwa randa haiwi tena inchi mbili kamili. Fundi akiendelea kukata urefu wa inchi mbili, vipande vinakuwa virefu kuliko vilivyo vipana, na mchemraba haukai sawa ukivigeuza. Piga randa kwanza, pima unene uliobaki, ukate kwa kipimo hicho hicho. Kisha msasa, kisha rangi au vanishi pande zote sita. Usiruke hatua ya kupaka: karibu na ziwa, hasa masika, mbao isiyopakwa kitu inavimba, na vipande vilivyokaa vizuri mwezi wa kwanza vinabanana mwezi wa nne.

Andika namba kwenye nyuso zote sita za kila kipande. Ukiandika uso mmoja tu, nusu ya muda utautumia kugeuzageuza.

Sina mbao wala hela ya fundi. Nifanyeje?

Chora miraba mitatu ya vyumba tisa tisa kwenye boksi lililokunjuliwa: juu, kati, chini. Chukua vizibo 27 vya soda, uviandike kwa kalamu ya wino mzito. Nguzo unaisoma kwa kutazama chumba kile kile katika miraba yote mitatu. Wachezaji wa drafti wanaizoea njia hii haraka kuliko mbao, na mimi mwenyewe nikitaka kufikiri kwa utulivu narudi kwenye vizibo, kwa sababu moyo unauona muda wote.

Nawezaje kutofautisha 6 na 9?

Zipigie mstari chini. Kati ya 1 na 27 hizo ndizo pekee zinazoweza kusomwa kimakosa zikipinduliwa, maana 16 au 19 ikipinduliwa inatoa namba isiyokuwemo kwenye seti. Ukiona mistari imekataa kwa tofauti ya 3 tu, 39 hapa na 45 pale, shuku hizi mbili kabla ya kubomoa chochote.

Kipande kimepotea. Seti imekufa?

Vipange vilivyobaki kwa mfuatano uone pengo liko wapi, uchonge kingine. Ikiwa iliyopotea ni 14, huhitaji hata kuandika namba: weka kipande kitupu moyoni uendelee, kwa sababu utakayoisoma hapo siku zote itakuwa 14. Sababu yake iko kwenye sehemu inayofuata.

## Kulifungua

Nianzie wapi?

Weka 14 moyoni. Kisha panga vipande 26 vilivyobaki kwa jozi zinazojumlisha 28: 1 na 27, 2 na 26, 3 na 25, hadi 13 na 15. Utakuwa na jozi 13. Kila jozi lazima ikae pande mbili zinazotazamana kupitia moyo: kona na kona ya mbali kabisa, kitovu na kitovu cha uso wa pili, ukingo na ukingo wa upande wa pili kwa mshazari. Hivyo hutafuti tena nafasi 27, unatafuta 13. Kila kipande unachokiweka kinamweka na mwenzake.

Kwa nini lazima iwe 14 moyoni? Nimeambiwa tu, sijaoneshwa.

Una haki ya kuoneshwa. Shika penseli.

Kata mchemraba kwa wima, kwa kisu cha kichwani, kutoka ukingo mmoja wa kusimama hadi ule unaoukabili kwa mshazari. Umepata ubapa wa vipande 9, yaani nguzo tatu. Kila nguzo ni 42, kwa hiyo ubapa mzima ni 126.

Ndani ya ubapa huo huo kuna mistari mitatu inayopita moyoni na ambayo fumbo linaidai 42: mishazari mikubwa miwili, na nguzo ya kati. Nayo pamoja ni 126. Tazama inagusa nini. Inagusa vipande vitatu vya juu mara moja moja, vipande vitatu vya chini mara moja moja, na moyo mara tatu. Ubapa wenyewe ni safu ya juu, safu ya kati na safu ya chini. Hesabu zote mbili ni 126, na juu na chini zimo kote kote. Kilichobaki ni hiki: safu ya kati ya ubapa ni sawa na moyo mara tatu. Na hiyo safu ya kati ni mshazari wa tabaka la kati.

Kata tena kwa mshazari wa pili, utapata jibu hilo hilo. Sasa ondoa tabaka la kati ulitazame peke yake. Jumla yake ni 126. Mistari minne inapita katikati yake: mishazari miwili, ambayo kila mmoja ni moyo mara tatu, na mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja 42. Jumla ya minne hiyo ni moyo mara sita ongeza 84. Lakini mistari hiyo minne imegusa vipande vyote 8 vinavyouzunguka moyo mara moja moja, na moyo wenyewe mara nne, yaani 126 ongeza moyo mara tatu. Linganisha: moyo mara tatu ni 42. Moyo ni 14.

Kwa hesabu hiyo hiyo, mishazari ya matabaka ya kati nayo inakuwa 42 bila kudaiwa. Ndipo inapotoka kanuni ya jozi za 28: kila mstari unaopita moyoni ni 42, ukitoa 14 unabaki na 28.

Tabaka la kwanza linakubali, la pili linakubali, la tatu linakataa kila mara. Kosa liko wapi?

Kosa liko tabaka la kwanza, na karibu kila mara ni hili: umeweka ndani yake namba mbili zinazojumlisha 28. Wenza hawakai kwenye tabaka moja la nje. Namba ikiwa juu, mwenzake yuko chini. Ukiona 8 na 20 kwenye tabaka la juu, hata mistari yote sita ikisoma 42, bomoa. Hakuna tabaka la tatu linaloweza kuliponya.

Habari njema ni kwamba tabaka la juu likiwa sahihi, la chini linajipanga lenyewe kwa jozi, na la kati linajipanga kwa nguzo. Huna cha kuchagua tena.

Kuna njia fupi kuliko kujaribu tabaka zima?

Ipo, na ndiyo iliyonifanya nilipende fumbo hili kuliko mengine yote niliyowahi kuwapa wanafunzi. Mchemraba mzima umebebwa na kona nne. Chagua namba za kona nne za tabaka la juu, na vipande vyote vingine 22 vinajulikana, mbali na 14.

Kona za chini unazipata kwa jozi: toa kila kona ya juu kwenye 28, uweke jibu kwenye kona ya mbali kabisa, siyo ile iliyo chini yake moja kwa moja. Kipande cha katikati ya ukingo ni 42 ukitoa kona mbili za ukingo huo. Kitovu cha uso ni jumla ya kona zake nne ukitoa 42. Kanuni hii ya mwisho inawashangaza watu, lakini ifuate kwa mkono: kitovu na kingo mbili zinazokabiliana ni 42, na kila ukingo ni 42 ukitoa kona zake mbili. Hivyo umeanza na 42, ukatoa 84, ukarudisha kona nne.

Kwa hiyo swali la kweli la fumbo ni moja: kona nne zipi zinatoa namba 27 bila yoyote kujirudia? Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akilielewa hili, anaacha kuhangaika na mbao na kuanza kuhangaika na daftari.

Nitajuaje mapema kwamba kona nilizochagua hazifai?

Kona mbili za ukingo mmoja zijumlishe kati ya 15 na 41. Pungufu ya hapo, ukingo utadai namba kubwa kuliko 27, na ukizidisha, utadai sifuri au chini yake. Zisijumlishe 28, maana ukingo utadai 14 na 14 iko moyoni tayari. Kona nne za uso mmoja zijumlishe kati ya 43 na 69, na isiwe 56, kwa sababu ile ile ya 14. Na zisiwemo wenza.

Zikipita hapo, anza kujaza, ukivizia marudio. Mfano: kwa kuzunguka tabaka la juu weka 8, 10, 12, 20. Wenza wamo tayari, 8 na 20, lakini tuseme hukuona. Ukingo kati ya 10 na 12 ni 42 toa 22, yaani 20. Ishatumika. Kona hizo zimekufa kwa hesabu moja.

Nikibahatisha tu, si ipo siku nitapata?

Njia za kuvipanga vipande 27 ni namba yenye tarakimu 29, inayoanza na 10888869. Kati ya hizo, sahihi ni 192 tu. Usibahatishe.

Simu au kompyuta inaweza kulifungua?

Kwa urahisi, ukiifundisha kona nne. Anayejua kuandika programu aandike mizunguko minne, kila mmoja 1 hadi 27: ni majaribio 531,441, na simu ya kawaida inayamaliza kabla chai haijapoa. Ukiiambia ijaribu kila mpangilio bila kanuni, hutaishi kuona mwisho wake. Nimewapa vijana kazi hii kama zoezi la kwanza la programu, na wale waliofungua kwa mkono kwanza ndio walioandika programu fupi.

## Jibu

Nimechoka. Nipe kona nne.

Kwa kuzunguka tabaka la juu: 8, 10, 9, 22. Weka daftari mezani, uende hadi mwisho kabla ya kusoma jibu linalofuata.

Nipe jibu zima.

Tabaka la juu:
8 – 24 – 10
12 – 7 – 23
22 – 11 – 9

Tabaka la kati:
15 – 1 – 26
25 – 14 – 3
2 – 27 – 13

Tabaka la chini:
19 – 17 – 6
5 – 21 – 16
18 – 4 – 20

Hakiki nguzo chache: 8, 15, 19, kisha 11, 27, 4. Hakiki mishazari mikubwa: 8, 14, 20; 10, 14, 18; 22, 14, 6; 9, 14, 19. Kitovu cha juu: 8 na 10 na 9 na 22 ni 49, toa 42, ni 7.

Langu linajumlisha 42 kote lakini halifanani na hili. Nimekosea?

Hujakosea. Kwanza ugeuze: mchemraba mmoja una namna 24 za kukaa mezani, na taswira yake ya kwenye kioo ina nyingine 24. Hizo 48 nazihesabu kuwa jibu moja. Ikiwa bado halifanani, basi umepata moja ya majibu mengine matatu, kwa sababu majibu tofauti kweli kweli ni manne. Nne mara 48 ndiyo ile 192.

Namna ya haraka ya kulinganisha: tafuta 1 iko wapi. Kwenye jibu la hapo juu iko kwenye kitovu cha uso. Yako ikiwa kwenye kona, ni jibu jingine.

## Maswali ya pembeni

Kwa nini mishazari ya nyuso za nje haikubali?

Kwa sababu ya 14. Uso ukiwa na mistari sita ya 42 na mishazari yake miwili nayo 42, unakuwa mraba kamili, na mraba wa vyumba tisa wa aina hiyo lazima uwe na theluthi ya jumla katikati. Theluthi ya 42 ni 14. Kitovu cha uso kingetaka 14, na 14 ni moja tu, imeshakaa moyoni. Kwa hiyo hakuna uso wa nje hata mmoja wenye mishazari miwili sahihi.

Vipi mchemraba wa vipande 8, viwili viwili kila upande?

Hauwezekani. Kila mstari ungekuwa na vipande viwili, jumla 9. Kipande cha kona kina majirani watatu, na wote watatu wangedaiwa kuwa namba ile ile.

Nikianza na 0 badala ya 1?

Jumla inakuwa 39 na moyo 13. Punguza 1 kwenye kila kipande cha jibu, basi.

Kuna mikubwa zaidi?

Ipo. Wa nne kwa nne kwa nne una vipande 64 na jumla ya 130. Mwanahisabati Pierre de Fermat alimtumia mwenzake Mersenne mmoja wa ukubwa huo mwaka 1640. Wa tano una vipande 125 na jumla ya 315, na huo ndio mdogo kabisa unaoweza kukubali mishazari yote, ya nyuso na ya ndani. Ulipatikana mwaka 2003 tu, na Walter Trump pamoja na Christian Boyer, kwa msaada wa kompyuta. Kwa mbao ya mbili kwa mbili utahitaji zaidi ya futi 21.

Nimelifungua. Nipe jingine bila kunionesha jibu.

Chukua seti ile ile, ubomoe. Kwa kuzunguka tabaka la juu weka 1, 24, 10, 26. Kitovu chake kitakuwa 19, na 27 itaangukia kona ya chini, mbali kabisa na 1. Vingine vyote ni vyako.